Asipoweza Kusema, Nani Atamsemea?

(Mazungumzo ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni)

Ninyi mlio jikoni mkiwasha moto, ninyi mlio njiani kwenda shambani, nanyi mlioamkia wodini kando ya mgonjwa wenu, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi. Leo tunataka kusema hasa na waume na wake. Jambo lenyewe ni zito, na wengi wetu hatupendi kulitaja nyumbani. Lakini lisipotajwa mapema huja lenyewe usiku, wala halibishi hodi.

Tuanze na habari iliyotupata sisi wenyewe. Mama mwenye habari hii ametupa ruhusa kuisimulia, mradi tusimtaje jina, nasi tutaitimiza ahadi hiyo.

Ninyi mnaopita barabara itokayo Machakos kwenda Kitui mnapajua Kwa Vonza. Zamani palikuwa soko dogo la mbuzi, ndengu na mbaazi. Siku hizi pana chuo kikuu, maduka mengi, na pikipiki zisizohesabika. Jioni moja mume wa mama huyu alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki, kiondo cha vitu vya nyumbani kikiwa mapajani, akagongwa na gari. Alichukuliwa Kitui, na kutoka huko akapelekwa hospitali kubwa zaidi, akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kichwa kilikuwa kimeumia, na kabla hajapata msaada alikuwa amekaa muda mrefu akipumua kwa shida. Hakufumbua macho tena.

Siku ya tatu tulipanda matatu tukaenda kumwona. Tulimkuta amelala, mrija mdomoni, mashine ikimpumulia. Mkewe alikuwa amesimama pembeni ameshika viatu vya mumewe, kwa maana hakujua aviweke wapi. Tukaweka mkono juu ya paji la mgonjwa, tukaomba. Tulipomaliza tukamwambia mama yule mbele ya watu wote, "Mama, futa machozi. Bwana ametuonyesha. Mumeo atatoka hapa kwa miguu yake."

Ndugu zangu, Bwana hakuwa ametuonyesha neno lolote. Tulisema hivyo kwa sababu hatukuweza kustahimili kumtazama mama yule machoni. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa kuhubiri, kubatiza na kuzika. Kusimama kati ya mashine na mke wa mtu, hilo hatukufundishwa, au tulifundishwa tukasinzia.

Neno la mchungaji halianguki chini bure. Wiki ile ile shemeji za mama yule waliuza maksai wawili wa kulimia, wakasema, "Ndugu yetu anapona, deni litalipika." Ulikuwa mwezi wa kumi. Kwetu Ukambani mvua za vuli ndizo tunazozitegemea kuliko zile za masika, na mtu aliyeuza maksai wake mwezi wa kumi amebaki na jembe la mkono.

Siku ya kumi na mbili daktari aliwaita jamaa, nasi tukaitwa pamoja nao. Alisema kwa upole, tena kwa Kiswahili chepesi ili wote wasikie. Alisema dawa za usingizi zilikwisha kuondolewa siku kadhaa, na mgonjwa haonyeshi dalili ya kuamka. Ubongo umeharibika sana kwa kukosa hewa. Sasa figo nazo zimesimama. Akasema, "Tunaweza kuongeza mashine ya kusafisha damu. Tunaweza kuubonyeza moyo ukisimama. Lakini hatuamini kwamba kwa kufanya hivyo tutawarudishia mtu wenu. Tungependa kujua, yeye mwenyewe angetaka nini?"

Kaka mkubwa wa mgonjwa akamgeukia mama yule akasema, "Shemeji, ukikubali haya umemwua ndugu yetu. Na mchungaji huyu hapa alisema atapona."

Watu wote wakatutazama. Tungeweza kujificha nyuma ya neno imani, na huenda tungepewa heshima kwa kufanya hivyo. Lakini tulimwona mama yule, midomo imekauka, siku kumi na mbili hajalala kitandani. Tukasema, "Wazee, mtusamehe. Siku ile tulisema neno ambalo Mungu hakutupa. Tulitaka kuwafariji, tukawadanganya. Tunaomba msije mkaamua jambo hili kwa kulitegemea neno letu lile." Kukawa kimya. Kaka mkubwa hakutujibu. Ndipo mama akatuuliza swali ambalo mpaka leo linatuamsha usiku. Alisema, "Mchungaji, nikikubali, nitakuwa nimemwua? Na nikikataa, nitakuwa nimemtesa?"

Mpendwa msikilizaji, huenda swali hilo ni lako asubuhi hii. Basi tulijibu pamoja, polepole.

Kwanza, tutofautishe kuua na kukubali kwamba mtu anakufa. Kuua ni kumfanyia mtu tendo kwa nia ya kumtoa uhai. Hilo Mungu amelikataza tangu Sinai, na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 26, inaulinda uhai wa kila mtu. Hakuna huruma iwezayo kumpa mke ruhusa ya kumchoma mumewe sindano ya kifo, wala daktari hana ruhusa hiyo. Lakini kuacha kuongeza tiba ambayo haiponyi tena, tiba inayourefusha tu mwendo wa kufa, si jambo lile lile. Mgonjwa akifa hapo, ameuawa na ugonjwa wake.

Haya si maneno yetu peke yetu. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana katika Mkutano wa Lambeth mwaka 1998 walilitolea azimio. Walikataa kumwua mgonjwa kwa makusudi, hata kwa jina la huruma, wakasema haipatani na imani ya Kikristo. Na katika azimio lilo hilo walikiri kwamba kutoanza, au kusimamisha, matibabu yaliyopita kiasi kwaweza kupatana na imani yetu, ili mtu afe kwa heshima. Ndugu zetu Wakatoliki walikwisha kulisikia jambo kama hilo mwaka 1957, Papa Pio wa 12 alipowaambia madaktari kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida ili kuurefusha uhai.

Kulikuwa na msichana huko Marekani, Karen Ann Quinlan, aliyepoteza fahamu mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 21. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa kwenda kanisani, wakamwuliza padre wao, wakaomba sana, kisha wakataka mashine ya kupumulia iondolewe. Madaktari waliogopa, kesi ikafika Mahakama Kuu ya jimbo la New Jersey, na mwaka 1976 wazazi wakakubaliwa. Mashine ikaondolewa. Je, alikufa siku ile? La, hakufa. Alipumua mwenyewe, akaishi bila kuamka mpaka mwaka 1985. Wazazi hawakuomba alishwe au asilishwe. Waliendelea kumlisha kwa mrija na kumtembelea miaka ile yote. Tunajifunza nini? Kwamba kuondoa mashine si kumnyang'anya Mungu kazi yake. Bwana akitaka kumwacha mtu aendelee kuishi, au akitaka kumwinua, hahitaji umeme wetu.

Pili, tuujue ugonjwa kabla ya kuamua. Wengi wetu tukisikia neno koma tunadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Aliye katika koma amefumba macho, huwezi kumwamsha. Hali hiyo kwa kawaida haikai zaidi ya majuma machache. Baada ya hapo mtu huanza kuamka, au hufa, au huingia katika hali nyingine, ambayo hufumbua macho na kulala na kuamka, ila hajui aliye mbele yake. Jamaa wengi huchanganyikiwa hapo, kwa sababu wanaona macho yamefumbuka. Tena kuna aliyekufa ubongo. Huyo mashine yaweza kuuendesha moyo wake kwa muda, kifua kikapanda na kushuka, lakini ubongo wote umekufa, naye harudi.

Madaktari wana njia ya kupima. Mwaka 1974 huko Glasgow, Uskoti, madaktari wawili, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitunga kipimo kinachotumika mpaka leo katika hospitali nyingi duniani. Huangalia mambo matatu: macho, usemi, na mwendo wa viungo. Alama ya chini kabisa ni 3, na ya juu ni 15. Usione haya kumwuliza daktari, "Leo mgonjwa wangu ana alama ngapi? Jana alikuwa na ngapi?" Tena uliza, "Je, haamki kwa sababu ya ugonjwa, au kwa sababu mmempa dawa za usingizi?" Uliza pia, "Tiba hii inamponya, au inamshikilia tu? Mtajua lini?" Na swali la mwisho, ambalo watu husahau: "Tukiacha mashine, mtamfanyia nini asiumwe wala asikose pumzi kwa mateso?"

Wala tusikimbilie kukata tamaa. Aliyeumia kichwa ana tumaini kubwa zaidi kuliko yule ambaye ubongo wake ulikosa hewa, na wapo walioamka baada ya majuma. Ndiyo maana madaktari wa neva walipoketi juu ya jambo hili katika miaka ya 1990, walisema wale waliofumbua macho bila kujitambua wasihesabiwe kuwa ni wa kudumu hivyo mpaka ipite miezi 12 kwa walioumia kichwa, na miezi 3 kwa waliokosa hewa. Basi ni busara kupatana na daktari muda: tujaribu kwa siku kadhaa, kisha tuketi tena tutazame. Hapo hakuna anayelazimika kuamua yote kwa saa moja, wala hakuna anayeendelea bila mwisho kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kuuliza.

Tatu, ni nani amsemee asiyeweza kusema? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 katika nchi yetu imeweka utaratibu. Mgonjwa asipoweza kutoa kibali, kibali hutolewa na yule aliyemteua mwenyewe kwa maandishi, au aliyepewa mamlaka na sheria au na amri ya mahakama. Na asipokuwapo mtu huyo, jamaa wa karibu ndiye hutoa. Sikieni vizuri neno hilo, kwa maandishi. Wangapi kati yetu tumeandika? Sisi tunaosema nanyi, mpaka mwaka ule tulikuwa hatujaandika hata mstari mmoja.

Mahali pasipo maandishi huingia ugomvi. Mwaka 1990 huko Florida, Marekani, mwanamke aitwaye Terri Schiavo alianguka nyumbani kwake, moyo ukasimama, ubongo ukakosa hewa. Hakuwa ameandika neno. Mumewe alisema, "Mke wangu asingetaka kuishi hivi." Wazazi wake wakasema, "Mtoto wetu angetaka kuishi." Waliokuwa familia moja wakawa maadui mahakamani mwaka baada ya mwaka, hata Bunge na Rais wa nchi wakaingia katika neno hilo. Mrija wa chakula ulitolewa kwa amri ya mahakama, naye akafa tarehe 31 Machi 2005, miaka 15 baada ya kuanguka. Hatusimami hapa kuwahukumu, mume wala wazazi. Wote walisema wanampenda. Lakini tazameni mahali ambapo upendo ulifikishwa kwa kukosa karatasi moja.

Kwetu sisi mambo yana ugumu wake. Mke wa Kikamba hajaolewa na mume peke yake, ameolewa na ukoo. Kaka za mume wana neno, na ni haki wawe na neno, kwa maana damu ni yao. Lakini wazee, tunawaomba kwa heshima: msimwache mwanamke atie sahihi peke yake, halafu mkamwita mwuaji. Na msimnyamazishe, kwa sababu maneno aliyosema mume usiku, taa imezimwa, aliyeyasikia ni mke. Swali lililo mezani si kwamba mke anataka nini, wala ukoo unataka nini. Swali ni hili: kama mgonjwa angeamka kwa dakika tano, akajua hali yake yote, angetuambia nini? Wote wamtafutie jibu lake.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Tulikwenda kumzika mzee mmoja wa sharika yetu, mwaka juzi. Watoto wake walikuwa wameuza shamba kwa ajili ya hospitali. Tukirudi nyumbani kwa miguu, mume wangu aliniambia, 'Siku yangu ikifika, msiniuzie kitu cha watoto. Mniombee, mnishike mkono, mniache niende.' Mimi nikamwambia aache kusema maneno mabaya."

Kaka mkubwa akainamisha kichwa. Maksai walikuwa wamekwisha kuuzwa. Baadaye akasema, "Hayo ni maneno yake. Ndivyo alivyokuwa akisema hata kwetu." Hakuna aliyeshinda katika chumba kile. Walikubaliana kwamba mashine ya kusafisha damu isiongezwe, na moyo ukisimama usibonyezwe. Daktari akaahidi dawa za kumtuliza, na akatimiza ahadi yake. Mama akapewa maji na pamba amlainishe mumewe midomo. Kaka mkubwa, ambaye siku zote alisimama mlangoni, aliingia akashika miguu ya ndugu yake. Tukasoma zaburi, tukamkabidhi kwa Bwana. Siku ya tatu, kabla ya jua kuchomoza, akalala. Mkewe alikuwa amemshika mkono, kama alivyoombwa.

Nne, tuseme juu ya fedha, kwa maana watu wa Mungu huona aibu kuitaja fedha kando ya kitanda. Uhai wa mtu haupimwi kwa shilingi. Mgonjwa anayeweza kupona atafutiwe kila msaada: serikali, bima, harambee, kanisa. Na anayeletwa kwa dharura, Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema asinyimwe matibabu. Lakini tiba isiyoponya, inayokula ada za watoto na chakula cha mwaka kesho, hiyo hatulazimiki kuinunua ili tuonekane tunapenda. Mwenye kusema, "Tumefika mwisho wa uwezo wetu, na daktari naye amefika mwisho wa wake," hajatenda dhambi. Na anayepiga kelele kwamba kila kitu kiuzwe, mara nyingi si yeye atakayelala njaa.

Tena, kuacha mashine si kumwacha mgonjwa. Kuna huduma ya kumtuliza mtu anayeelekea kufa, kumwondolea maumivu, kumwosha, kumgeuza asipate vidonda, na kukaa naye. Mama mmoja wa Kianglikana huko London, Cicely Saunders, aliyekuwa mwuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua nyumba ya huduma hiyo mwaka 1967. Kwetu Kenya kazi kama hiyo ilianza Nairobi mwaka 1990, na siku hizi iko katika hospitali nyingi nchini. Waulizeni madaktari wenu. Mgonjwa wa namna hii daktari bado ana kazi naye, na kanisa lina kazi naye zaidi.

Tano, tuseme nyumbani kabla ya siku hiyo. Kumbukeni mzee Yakobo kule Misri. Alipoona siku zake zinakaribia kwisha, alimwita Yusufu akamwapisha kwamba asimzike Misri, bali amchukue akalale na baba zake. Yusufu hakumwambia, "Baba, acha maneno mabaya." Alikubali. Na siku ilipofika, alijua la kufanya, ndugu zake wote wakapanda pamoja naye. Hata kitabu chetu cha sala cha zamani, kile cha mwaka 1662, katika ibada ya kumzuru mgonjwa, kinaagiza kwamba watu wakumbushwe mara kwa mara kuweka mambo yao sawa wakiwa bado na afya. Kumbe wazee wetu wa imani waliona kwamba kunyamaza si imani.

Basi jioni ya leo, baada ya muthokoi, watoto wakiisha kulala, mume na amwulize mke, na mke na amwulize mume: "Nikilala nisiamke, ungependa nifanye nini? Ni nani umtakaye akae nami tuamue? Ni kitu gani hutaki kiuzwe? Ungependa ufie wapi?" Mwandike kwa mkono, mtie sahihi wote wawili, mpate na mashahidi, mmwonyeshe kaka mkubwa na mchungaji. Ikiwa kuna shamba au fedha katika benki, mwulizeni wakili pia, kwa maana mali ya aliyepoteza fahamu haiguswi hivi hivi. Mara nyingi lazima Mahakama Kuu itoe amri. Kusema hivi hakumwiti kifo. Kifo hakingoji kuitwa.

Mwisho, tuna neno kwa wewe ambaye ulikwisha kuamua. Huenda ni mwaka jana, huenda ni miaka kumi. Uliambiwa, ukakubali, akafa. Tangu hapo kila usiku unajiuliza kama ungengoja siku moja zaidi. Au ulikataa, akateseka miezi, unajiuliza kwa nini hukumwachilia. Msikilize Daudi. Mtoto wake alipougua alilala chini siku saba, akafunga na kulia, akimwomba Mungu. Mtoto alipokufa, watumishi waliogopa kumwambia. Lakini yeye alipojua, aliinuka, akaoga, akaingia nyumba ya Bwana akasujudu, kisha akala. Alijua kwamba kuna wakati wa kuomba mgonjwa arudi, na kwamba wakati huo una mwisho. Hakukosa upendo alipolala chini, wala hakukosa upendo alipoinuka. Nawe ulifanya kwa nuru uliyokuwa nayo siku ile. Kama palikuwa na kosa, msalaba unatosha kulibeba. Inuka, ule.

Mama yule wa Kwa Vonza tulimwona Jumapili iliyofuata mazishi, amekaa mahali pake. Mvua ilikuwa imenyesha. Jumatatu wanaume wa sharika walikwenda na maksai wao wakamlimia, na kaka mkubwa ndiye aliyeshika plau. Sisi mchungaji tulikwenda na jembe la mkono, tukalima pembeni, mahali ambapo plau haifiki. Saa sita alituletea uji. Hakutuambia ametusamehe, nasi hatukumwuliza. Alituongezea uji mara ya pili, nasi tukanywa.

Na tuombe.

Ee Baba, uliyetupa pumzi na utakayeipokea, uwakumbuke asubuhi hii wote waliolala wasioweza kujibu wakiitwa. Wewe unawasikia hata wasiposema. Uwape waume na wake wao hekima ya kuuliza, na ujasiri wa kusikia jibu. Uwape madaktari na wauguzi mikono mipole na maneno ya kweli. Uwalinde wachungaji wako wasiseme kwa jina lako neno ambalo hukulisema. Uziunganishe koo zinazogombana kando ya kitanda. Na saa yetu itakapofika, utukute tumekwisha kusema yaliyotupasa, na mkono wa mtu uwe katika mkono wetu, na mkono wako juu ya yote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana awabariki, tuonane juma lijalo.